Haijasakinishwa au Haikusakinishwa?

Sisi watu wa lugha tuna ugomvi wetu tunaoupenda, na kila tukiishiwa tunaurudia huo huo. Kompyuta iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Neno la siri ni nywila au nenosiri? Mwaka 2022, makarani wa Sensa walipoanza kupita nyumba kwa nyumba tarehe 23 Agosti na vile vifaa vyao vya kugusa kwa kidole, nchi nzima ikajifunza neno kishikwambi, na sisi tukapata chakula cha wiki kadhaa. Lina i katikati au halina? Limetoka wapi? Nani kalileta bila kutuuliza? Nami nilikuwemo, tena kwa kelele.

Wakati huo huo, kwenye kioo cha kishikwambi hicho hicho, kulikuwa na sentensi ambazo hakuna aliyezibishania. Inapakua. Tafadhali subiri. Programu haijasakinishwa. Imesitishwa. Nasema hivi mbele ya wapenzi wa fasihi kwa makusudi: sentensi za namna hii pengine ndizo Kiswahili kinachosomwa na Watanzania wengi zaidi kwa siku, kuliko riwaya na diwani zetu zote tukizijumlisha, na nyingi zimeandikwa vibaya. Tatizo lake si istilahi. Ni utunzi. Kuweka programu kwenye simu ni kisa chenye hatua, kina mwanzo, kina pa kukwama, kina mwisho, na msimulizi tuliyempa kazi ya kutusimulia kisa hicho hajui yuko sura ya ngapi.

Hapa Dodoma huhitaji kuingia darasani kuelewa jina zuri la hatua linafanya kazi gani. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipoamua kuhamia huku kweli kweli, mji umekuwa kiwanja kimoja kikubwa cha ujenzi. Kila mtu anajenga, au anasema anajenga. Muulize mtu nyumba yake imefika wapi. Atakujibu, "Imefika lenta." Basi, umeelewa yote. Msingi ulishapita, kuta zimevuka madirisha, zimebaki kozi chache ndipo apaue, akishapaua aezeke, na kwamba mwenzako sasa hivi anawaza bei ya mbao na bati na hapendi mvua za Desemba zimkute hapo hapo. Neno moja limekuambia kilichofanyika, kinachofuata, nani anatakiwa kutoa hela, na hatari iko wapi. Hakuna fundi aliyewahi kumpigia simu mwenye nyumba akamwambia, "Ujenzi unaendelea, asilimia 63."

Wakulima wa huku nao ni hivyo hivyo. Kuberega, kupanda, kupalilia, kuamia ndege wasimalize uwele, kuvuna, kupura, kupepeta. Mtoto wa Kongwa hachanganyi kupura na kupepeta, kwa sababu kila kitenzi kimebeba mkono wake, kifaa chake na siku yake. Halafu tunampa mtoto huyo huyo simu, na kila kitu tangu programu inapoanza kushuka mpaka inapokuwa tayari kutumika tunakiita usakinishaji.

Mwaka jana nilikwenda wilaya ya Bahi kwa habari nyingine kabisa, habari ya maji. Kwenye shule moja ya msingi nikamkuta mwalimu wa makamo amekaa kwenye kivuli cha mbuyu, simu ameilaza mapajani, haigusi, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe unayetoka mjini, hebu niangalizie hii. Tumeambiwa tuweke programu ya taarifa za wanafunzi. Nasubiri, bado."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu saa nne. Si imeandika yenyewe? Soma."

Ilikuwa inakaribia saa nane. Nikasoma: *Programu haijasakinishwa*.

Simu ile haikuwa inafanya kitu chochote. Nafasi ilikuwa imejaa, kazi ilishashindikana saa nne na dakika zake, na simu ikabaki imelala na ujumbe wake kwa karibu saa nne nzima huku mtu mzima akiilinda na jua. Na tafadhali msinambie mwalimu hakuelewa teknolojia. Yule mama amefundisha Kiswahili miaka mingi kuliko mimi nilivyoandika habari, na alisoma sawasawa kabisa. Haija- maana yake bado, ngoja. Ndivyo tulivyofundishwa, ndivyo alivyofundisha. Mtoto hajala, unamwekea chakula. Mtoto hakula, unaosha vyombo. Simu ilimwambia mwalimu amwekee chakula, akamwekea.

Kiingereza hapo kina kauli moja tu ya kukanusha, kinamwachia msomaji akisie kama jambo bado halijafanyika au lilijaribiwa likashindikana. Mfasiri akaichukua ile kauli, akaitafutia mwenzake wa Kiswahili, akapata haijasakinishwa, akaendelea na mstari unaofuata. Hakuona kwamba lugha yetu inamlazimisha achague. Haijasakinishwa au haikusakinishwa? Na kama ameshachagua kwamba imeshindikana, kwa nini asiseme hivyo hivyo: imeshindikana kuweka programu, nafasi kwenye simu haitoshi? Maneno saba, na mwalimu angekuwa ameshafuta picha mbili tatu na kurudi darasani.

Hili la kulazimishwa kuchagua ndilo linaloniuma, kwa sababu ni utajiri tunaoutupa. Angalia umeme. Katika nyumba yoyote ya Dodoma, mtoto wa miaka mitano anajua tofauti ya umeme umekatika na umeme umekatwa. Umekatika: hitilafu, hakuna wa kulaumiwa hapa ndani, washeni mshumaa. Umekatwa: kuna mtu amekuja, na kuna mtu hakulipa. Kiambishi kimoja tu mwishoni mwa kitenzi, na mzigo wa lawama umehama kutoka mbinguni hadi kwa baba. Sasa chukua programu inayoshuka halafu ikaacha kushuka. Imekatika kwa sababu mtandao umepotea? Imesimama kwa sababu bando limeisha? Umeisimamisha mwenyewe kwa kidole bila kujua? Kwa haya yote kioo kina jibu moja: *imesitishwa*.

Na kusitisha, jamani, ni neno la kuogopwa. Mapigano yakisitishwa tunategemea yanaweza kuanza tena kesho. Mkataba ukisitishwa kwenye magazeti yetu, mara nyingi ndiyo umekufa. Kwa hiyo mtu akiona upakuaji umesitishwa anafanya lililo jepesi, anaanza upya. Anaanza upya kitu kilichokuwa kimeshafika zaidi ya nusu na ambacho kingeendelea chenyewe mtandao ukirudi, na bando analipa mara mbili. Kwa mtu aliyejiunga kifurushi cha siku kwa shilingi mia tano, kitenzi hicho kina bei.

Mahakama zetu haziwezi kumudu uzembe huo. Bunge lilipobadilisha sheria mwaka 2021, hapa hapa Dodoma, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, na watu wakauliza kama lugha itaweza. Imeweza kitambo. Shauri likiahirishwa unarudi tarehe nyingine. Likiondolewa kuna mlango umeachwa wazi. Likitupiliwa mbali, tafuta wakili wa rufaa. Mwanakijiji asiyejua hata kifungu kimoja anatoka pale nje akijua aende nyumbani kwa furaha au kwa huzuni, kwa sababu waliotafuta majina ya hatua zile walijua kwamba mtu atachukua uamuzi kwa kutegemea jina.

Sasa niseme kidogo kuhusu neno lenyewe, sakinisha, maana najua mnalisubiri. Sina chuki nalo. Sakini ni kukaa mahali, kufanya makao, na shina lake la Kiarabu ndilo lililotupa maskani, neno ambalo kila kijana wa mtaani analijua kwa sababu ndipo anapokaa jioni. (Shina hilo hilo limetupa na maskini. Sitasema kitu.) Kwa hiyo kusakinisha programu ni kuipa maskani kwenye simu. Ni wazo zuri, na kama kuna mtu angechukua dakika moja kulieleza, watu wangelipenda. Hakuna aliyechukua dakika hiyo. Neno liliwekwa kwenye kitufe likaachwa lijitetee.

Kuna sababu pia kwa nini halikutumika neno ambalo mafundi wetu wote wanalo. Fundi hasakinishi dishi, anafunga dishi. Anafunga feni, anafunga sola, anafunga mita. Kufunga ndilo neno letu la kazi hii tangu vifaa vilipoanza kuingia majumbani. Lakini kompyuta zilipofika kwenye Kiswahili, funga lilikuwa limeshachukuliwa: ndilo linalofunga dirisha na faili. Ungeandika *Funga programu*, mtu asingejua unamwambia aiweke au aifunge. Naelewa kabisa, walikuwa wamebanwa. Ninachouliza ni kwa nini, baada ya kubanwa, hawakwenda kwa neno la pili ambalo kila mtu analo, ambalo ni weka. "Niwekee WhatsApp." Sijawahi kusikia binadamu akisema, "Nisakinishie WhatsApp," na nimekaa kwenye vibanda vya simu muda mrefu kuliko ninavyopaswa.

Mambo yanaharibika zaidi tunapofika kwenye kuondoa. Kwingine kumeandikwa ondoa, na hapo sina la kusema, mikono juu. Kwingine sanidua. Kwingine, Mungu atusamehe, sakinusha. Tazama: sakinisha, sakinusha. Vitufe viwili vyenye kazi zinazopingana, vinatofautishwa na irabu moja, kwenye kioo chenye ufa, saa saba mchana, jua la Dodoma limekupiga usoni. Utaniambia mbona pakia na pakua nazo zinatofautiana kwa irabu moja na watu wanaelewana. Ndiyo, kwa sababu pakia tumeijua kwenye lori la mahindi Kibaigwa na pakua tumeijua kwenye sufuria. Mama alipopakua chakula kila mtu alijua kinatoka wapi kinakwenda wapi. Pakua imeshinda bila kupigiwa debe kwa sababu ilikuja na picha yake. Sakinusha imekuja na nini? Imekuja na kanuni ya sarufi, basi.

Nisiwe mtu wa kulalamika tu kana kwamba hakuna aliyewahi kufanya kazi. Watu walifanya. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Mwaka huo huo Microsoft nao wakatangaza kwamba wanaleta Kiswahili kwenye bidhaa zao. Nawaheshimu waliokesha kutafuta maneno yale, wengi wao wasomi wa Kiswahili ambao mpaka leo hatuyajui majina yao ingawa tunawasoma kila siku. Na kabla yao Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lilikuwa limeshatoa vijitabu vya *Tafsiri Sanifu*, orodha kwa orodha. Lakini orodha ndiyo ugonjwa wenyewe. Orodha inakupa neno likiwa peke yake, limesimama kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Haikuambii neno hilo litafanya nini likiingia kwenye sentensi inayosonga.

Na kazi ya kutafsiri programu mara nyingi bado inafanyika kwa orodha. Mfasiri anapewa lahajedwali lenye maneno elfu kadhaa, upande mmoja Kiingereza, upande wa pili kutupu, analipwa kwa idadi ya maneno. Haoni kioo. Haoni kitufe. Anakutana na neno moja la Kiingereza ambalo kwao linaweza kuwa amri, linaweza kuwa sifa, na lazima aandike kitu: ni fungua, iko wazi, au imefunguliwa? Anabahatisha. Halafu kuna sentensi zenye tundu, ambapo mtengenezaji programu ameacha nafasi ya kujaza namba au jina baadaye. Kwa Kiingereza tundu hilo halisumbui sana. Kwetu, jina likibadilika kitenzi kizima kinabadilika nalo. Ndiyo maana unaambiwa *Faili 3 imepakuliwa*, na unabaki unajiuliza kama zimeshuka tatu au imeshuka moja yenye jina la tatu. Mtoto akiandika hivyo kwenye insha anakatwa alama. Mfumo uliogharimu mamilioni ukiandika hivyo tunasema ndiyo kompyuta ilivyo.

Wapo watakaosema, "Ndugu, acha kusumbuka. Kila mtu anasema kuinstoo na kudaunilodi. Tumia Kiingereza yaishe." Hoja yao ina nguvu moja ambayo naikubali: ukikwama ukatafuta msaada mtandaoni, neno la Kiingereza litakupa majibu elfu na la Kiswahili litakupa tangazo la kazi. Lakini wasikilizeni hao hao wanapoongea. "Imeinstoo?" "Haijainstoo." "Iliinstoo ikagoma." Neno umekopa, na hatua bado unazitaja kwa viambishi vya bibi yako. Ukikopa nomino zote za Silicon Valley, siku unapotaka kumwambia mwenzako jambo limefika wapi, utarudi kwenye na, me, ta, ja na sha. Kwa hiyo hoja ya Kiingereza haigusi kidonda. Haija- na haiku- zinakungoja pale pale.

Na tunajua kutengeneza jina la hatua tukitaka. Mwaka 1985 Nyerere alipoacha urais, Kiswahili hakikuwa na neno lililokaa sawa. Kujiuzulu kulinukia kashfa, kuondoka kulikuwa kwepesi mno, kustaafu kulikuwa kwa makarani. Lugha yake ya Kizanaki ikatoa kung'atuka, kwa maana ya kutoka kwa hiari ili wengine washike. Leo hakuna anayeuliza maana yake. Neno lile lilitaja hatua ambayo nchi haikuwa imewahi kuipitia, likaipitisha.

Hata pesa za simuni zilijua. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, ilibidi imfundishe mtu ambaye labda hajawahi kuingia benki namna ya kutuma hela bila kumwona mtu. Tuma pesa. Toa pesa. Weka kiasi. Weka namba ya siri. Kila hatua inaanza na kitenzi kinachomwambia yeye afanye nini. Na ukimaliza, ujumbe unaingia: imethibitishwa. Me ile imebeba uchumi mzima. Muuza nyanya haachii kapu mpaka aione. Hakuna aliyeona haja ya kuandika "uthibitishaji wa muamala".

Hapo ndipo penye tofauti ninayotaka iandikwe ukutani katika ofisi zote za mifumo. Nomino ndefu za u- na -ji, usakinishaji, upakuaji, usasishaji, uhuishaji, ni majina ya mafaili kabatini. Hazina wakati na hazina mtendaji. *Usasishaji wa mfumo.* Sawa, umeanza? Umekwisha? Nifanye kitu au nikae? Linganisha na *Inasasishwa, usizime simu*. Neno sasisha, kwa njia, nalipenda sana. Mtu amechukua sasa akaifanya kitenzi, yaani kukifanya kitu kiwe cha sasa. Aliyelitunga angestahili tuzo. Na sisi tumelichukua tukalifunga pingu za nomino.

Maana yapo madhara makubwa kuliko bando. Programu inaposhuka, ukizima simu unapoteza muda na MB. Simu inapobadilisha mfumo wake wa ndani, inapoandika upya kile kinachoiwasha, ukiizima unaweza usiione ikiwaka tena. Hatua hizi mbili kwa mtumiaji zinafanana: mstari unajaa, asilimia zinapanda. Asilimia 99 ya kushuka na asilimia 99 ya kujiandika upya ni vitu viwili kama kuta na paa. Mji ambao umeme unaweza kukatika wakati wowote, na chaji ya simu ya kuazima iko asilimia 12, mtu anastahili kuambiwa yuko lenta.

Serikalini tumeongeza na upuuzi wetu wenyewe. Nenda dirisha lolote lenye kompyuta. "Mfumo unaboreshwa." Zamani walisema mfumo unasumbua, na angalau ulijua unasumbua. Kuboreshwa kumekuwa jina la heshima la kuharibika, kwa hiyo siku mfumo ukiboreshwa kweli hatutakuwa na neno la kusema. Mji huu, kwa simulizi zake, umepata jina kutokana na Kigogo, tembo alizama kwenye tope la kijito na watu wakasema: amezama. Hawakusema tembo anaboreshwa.

Na kinachokera zaidi ni kwamba wahusika wote ni majirani. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, makao yake yako Dodoma. Wizara ziko Mtumba. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007 kule Chimwaga, kina vijana wanaosomea kutengeneza programu na kina vijana wanaosomea Kiswahili na fasihi, wanapanda daladala moja. Wale wa Kiswahili wanahitimu na kuambiwa hakuna ajira. Wale wa programu wanahitimu na kuandika *Faili 3 imepakuliwa*. Sijui ni nani aliamua kwamba sentensi inayosomwa na watu milioni kwa wiki haihitaji mwandishi, lakini tangazo la kabrasha linalosomwa na watu arobaini linahitaji mhariri wawili.

Kwa wale mnaoandika: ombeni kazi hii. Msingoje kualikwa kwenye kamati ya istilahi kupiga kura ya kishikwambi. Chukueni programu moja mnayoitumia, muandike upya ujumbe wake wote tangu inaposhuka hadi inapofunguka, kama mnavyoandika hadithi fupi, mkijiuliza kila mstari nani anatenda, jambo limefika wapi, na msomaji afanye nini mkono wake ukiwa juu ya kitufe. Kisha mpeni mtu asiyewajua asome. Akiuliza "kwa hiyo nisubiri?", andikeni tena. Ni mazoezi makali kuliko soneti.

Kuna kijana ana kibanda cha simu karibu na soko la Majengo, anawawekea watu programu kwa shilingi elfu moja, mbili, inategemea sura yako. Nilimsikiliza Jumamosi moja akimhudumia mama aliyeleta simu ya mumewe. "Mama, inashuka, bado kidogo. Haya imeshuka. Sasa inajipanga, usiiguse, ikizima hapa tunaanza upya na bando ni lako. Hiyo. Imekaa."

"Imekaa?" mama akauliza.

"Imekaa. Fungua mwenyewe uone."

Akafungua. Akatoa elfu mbili.